Corolla inamisi asubuhi baada ya mvua

Mkuu, kama Corolla yako inamisi, yaani injini inakosa moto na kutetemeka, asubuhi baada ya mvua na saa nne inatulia, na plagi ni mpya, usikimbilie kununua koili (inayozalisha umeme wa plagi) kama fundi anavyotaka. Tatizo linalokuja na unyevu mara nyingi ni umeme unaovuja kwenye waya za plagi au kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi.

Subiri giza, fungua boneti, washa gari, kisha nyunyizia waya maji kidogo kwa ile chupa ya kupigia pasi. Mikono kaa nayo mbali, umeme ule unapiga vibaya. Ukiona cheche za buluu zikirukaruka, umemkamata mchawi: umeme unavuja hapo.

Zima, chomoa waya mmoja mmoja usije ukachanganya mpangilio, uchungulie mashimo ya plagi. Ukikuta oili humo, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imechoka. Ibadilishe kwanza, la sivyo waya mpya nazo zitaharibika. Maduka ya spea ya Gerezani, Dar, watakuonyesha waya za rangi za kupendeza bei chee. Achana nazo.

Ikimisi hata ikiwa kavu na ya moto, hapo sasa pima presha ya petroli na nozeli zinazoipuliza kwenye injini. Ila usiizoee hivyo hivyo kwenye foleni za Barabara ya Mandela: petroli isiyoungua inaua katalaiti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.