Geji ya Ford Model A isiyo na waya

SWALI: Fundi, nafufua Ford Model A ya 1930. Nikijaza tanki, geji ya mafuta inasoma robo tatu. Yakibaki kama robo, inalala sifuri. Nimetafuta waya wake kwa taa ya kupimia, siuoni. Nianzie wapi?

JIBU: Huuoni kwa sababu haupo. Tanki la Model A liko nyuma ya dashibodi, juu ya magoti yako, na geji imefungwa kwenye ukuta wake. Ndani mna boya kwenye mkono wa chuma. Boya likipanda, mkono unazungusha namba unazozisoma kiooni. Na hiyo ilikuwa anasa: kwenye Model T nyingi, zilizoitangulia, dereva aliinua mto wa kiti akachovya kijiti tankini.

Boya lako linakaa chini kuliko linavyopaswa, tena kwa kiasi kilekile tanki likijaa na likipungua. Ama mkono umepinda, ama boya limekunywa petroli. Maboya ya zamani yalikuwa ya gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, yakapakwa shelaki (aina ya vanishi), na ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za leo huila shelaki.

Kwanza toa mafuta yote, maana geji iko ubavuni mwa tanki na ukiifungua limejaa utaoga petroli. Fanyia kazi nje, mbali na moto. Chezesha mkono kwa kidole: ukikwama, safisha kutu kabla ya kulaumu boya. Kisha lipime boya kwa mizani ndogo ya jikoni, liache ndani ya petroli usiku kucha, lifute, ulipime tena. Likiongezeka uzito, usihangaike kulipaka rangi; weka boya la kisasa lisilonywa mafuta.

Uzito usipobadilika, na boya likaelea vizuri, basi pinda mkono, kidogo kidogo. Hapa mafundi wengi hukosea: wanajaza tanki na kurekebisha mpaka isome "limejaa". Mimi huanzia chini. Mimina tankini lita 5 zilizopimwa, rekebisha, ongeza 5 nyingine, andika geji inasoma nini. Tanki lile halina umbo la sanduku, kwa hiyo huwezi kupata usahihi kila mahali. Ikidanganya tanki limejaa, haijamlaza mtu njiani.

Usijaribu hapa ule mtindo wa kugusisha waya wa geji kwenye bodi. Huo ni wa geji za umeme zilizokuja baadaye, na hata zenyewe hazifanani: za Ford za zamani mshale hupanda kwenye kujaa, za General Motors hushuka sifuri.

Ukirudisha, gasketi ziwe mpya. Jaza tanki, paka chaki kuzunguka kiungo, uangalie baada ya saa moja. Chaki ikilowa, fungua tena. Petroli hiyo itadondokea miguuni mwako.