Kabla hujaenda kuchimba makazi ya Warumi, soma hii kwanza

Kuna ndugu yangu juzi kanitumia meseji anauliza nasikia unachimba mambo ya Warumi huko, dhahabu mnapata? Nikacheka sana, halafu nikaona bora niandike kabisa maana si yeye tu, kila mtu anauliza hivyo hivyo.

Mimi sio msomi wa akiolojia jamani. Naishi Cambridgeshire, Uingereza, kazi yangu ni ya ghalani zamu ya usiku, kiangazi nikajiandikisha kujitolea wiki mbili kwenye shamba ambalo watu waliishi karne ya 1, ile miaka ya mwanzo baada ya jeshi la Kaisari Klaudio kuvamia mwaka 43. Sasa kama kichwani una picha ya nguzo za marumaru na mabafu, itoe kabisa. Hawa walikuwa wakulima wenyeji, siku moja wameamka wameambiwa nyie sasa mko chini ya Roma, wakaendelea kulima ngano na kuchunga ng'ombe. Nyumba zao miti, udongo na nyasi, tena za duara, yaani msonge kabisa.

Kwa hiyo ukifika hukuti ukuta hata mmoja. Unakuta eskaveta yenye bakuli lisilo na meno imekwangua udongo wa juu uliolimwa, kama sentimita 30 hivi, chini kuna udongo wa njano wenye madoa meusi, basi. Nilisimama pale nikajiuliza nimeacha usingizi wangu kwa ajili ya hiki? Lakini hayo madoa ndo kijiji chenyewe. Doa dogo la mviringo ni shimo la nguzo, mti ulioza zamani ukaacha rangi tu. Mstari mrefu ni mtaro wa mpaka wa zizi au shamba. Na ukiona doa limezunguka kama pete, huo mara nyingi ni mfereji wa mchirizi, maji ya paa yalipokuwa yanashukia. Hapo niliwazidi wenzangu Wazungu, wao walichorewa kwanza ndo wakaelewa, mimi nimekulia kwa bibi kule Muleba, Kagera, mvua ikinyesha kwenye paa la nyasi najua inachofanya pale chini.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, usichimbe kama unatafuta kitu. Siku ya pili nilipewa shimo la nguzo, nikaliona dogo, nikalimaliza lote ndani ya dakika ishirini nikamwita msimamizi kwa furaha kabisa. Dada wa watu alinyamaza kwanza. Kumbe linachimbwa nusu tu, unaacha nusu imesimama kama keki iliyokatwa ili uone matabaka kwa ubavu, nguzo ilikaa wapi, walishindilia mawe upande gani, ilioza au iling'olewa, halafu unapiga picha, unachora kwa skeli, unajaza fomu, ndo unaruhusiwa kutoa nusu ya pili. Mimi nilikuwa nimeshazipeleka habari zote hizo kwenye lundo kwa toroli. Shimo lililochimbwa halirudi, hakuna undu.

Mitaro nayo haichimbwi yote, unakata vipande vya kama mita moja moja, na pale mitaro miwili inapokatana ndo unaweka akili yote, maana ukijua upi umekata mwenzake unajua upi umetangulia. Kila tabaka lina namba yake. Kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kinaingia kwenye mfuko wenye namba ya tabaka lake, ukikosea mfuko hicho kigae hakisemi tena chochote. Vingi ni vya kijivu, vibaya vibaya tu, ila ukiona chekundu kinang'aa hicho kinaitwa Samian (sio Mama Samia, tulieni), vilitoka Gaul, Ufaransa ya leo, na vinajulikana miaka yake vizuri kwa hiyo kipande kama ukucha kinaweza kukupa umri wa mtaro. Na miaka hiyo hiyo kuna mfanyabiashara wa Kigiriki aliandika habari za mwambao wetu, akautaja mji wa Rhapta kwa biashara ya pembe za ndovu, basi nikikwangua nawaza huku mkulima anafuga kondoo wake kule kwetu majahazi yanatia nanga.

Vifaa: mwiko mdogo wa fundi mwashi, ule wa inchi 4, usinunue wa plasta. Buti zenye chuma. Kitu cha kupigia magoti, hapa siongezi neno, magoti yenyewe yatakueleza. Nenda asubuhi, udongo ukikauka madoa yanapotea tunabaki tunamwagia maji kama tunapalilia mchicha.

Halafu ukipangiwa kuosha usinune. Ni mswaki na beseni, vigae na mifupa tu, chuma hakiguswi na maji. Hapo Fenstanton, Cambridgeshire hii hii, walichimba mwaka 2017 kabla ya kujenga nyumba wakatoa mifupa ya mwanaume wa enzi za Warumi, ni wa baadaye kuliko wakulima wetu, shambani hakuna aliyeona kitu. Ni wakati wa kuosha ndo wakakuta msumari umepita kwenye mfupa wa kisigino, alikuwa amesulubiwa. Mimi trei zangu zote zimetoa ng'ombe na kondoo, na kigae kimoja kina alama ya kidole cha mfinyanzi, nikaweka kidole changu pale kikaenea, chai ikapoa nimeshika tu.