Ukimya sawa, ila kwanza tuutoe kwenye orodha ya wapiga kelele

Tumsifu Yesu Kristu mhariri. Swali lenu la wiki hii mmeuliza je shule za Kikatoliki zianzishe tafakari ya Kikristo, yani watoto wakae kimya kabisa dakika chache kila siku, au sala na vikundi vya imani tulivyonavyo vinatosha. Mimi nafundisha shule ya msingi ya masista huku Morogoro, vipindi vya dini ni vyangu toka zamani, na jibu langu ni zianzishe, hata chekechea wasiachwe, ila kuna jambo moja tusipoliangalia hii kitu itakufa kabla muhula haujaisha.

Jambo lenyewe ni kwamba watoto wetu wanaujua ukimya kama adhabu. Nani asiyekumbuka, mwalimu akitoka darasani monita anasimama mbele na chaki yake anaandika wapiga kelele ubaoni, ukirudia jina lako linaongezewa mkasi pembeni, mwalimu akirudi kila mtu anajua kinachofuata. Mtoto ananyamaza kwa kuogopa fimbo toka darasa la 1 mpaka la 7, halafu asubuhi moja mwalimu wa dini anaingia anasema leo tunakaa kimya na Yesu, wewe unadhani huyo mtoto anaelewa nini? Tulipoanza, darasa la 3 walikaa mikono nyuma, wamekakamaa kama wanapigwa picha ya pasipoti, jicho moja limefumbwa lingine linamchungulia monita kama ameshika chaki. Nikamwambia monita nae aende akakae kwenye dawati lake afumbe macho kama wenzie, nikawaambia hapa hakuna jina linaloandikwa, mwenye kucheka acheke pole pole atamaliza. Walicheka kweli, siku kadhaa, baadae wakachoka wenyewe. Kuna mmoja akaniambia madam mimi nikifumba macho naona ugali, nikamwambia sawa, ukiuona uache upite urudi kwenye neno lako la sala. Muda wenyewe ulikuwa unakaribia saa 6, jikoni mwiko unagonga sufuria, unategemea aone nini?

Kwa wasioijua, hii sala imepata nguvu upya kupitia padre mmoja Mbenediktini, yani mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, John Main, mzaliwa wa London mwaka 1926, akafariki 1982. Unakaa wima, umetulia, unafumba macho, unarudia neno moja tu moyoni, yeye alipendekeza Maranatha, yani Bwana njoo, ambalo Paulo analo mwishoni mwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, mawazo yakikuondoa unarudi, basi. Hakuna kuomba kitu, hakuna kufikiria somo. Kule Townsville, Australia, ofisi ya elimu ya jimbo Katoliki iliiingiza kwenye shule zake katikati ya miaka ya 2000, na kipimo wanachotumia ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri, wa miaka 6 dakika 6, wa 10 dakika 10. Sisi tulipunguza tukaanza na 2 au 3 hivi. Na hatutumii kengele ya shule, kwetu ni rimu ya lori inayogongwa na nondo, ile ikilia mtoto anawaza kukimbia mstarini, tumeazima kengele ndogo ya altareni.

Wazazi watauliza, na wana haki, kwamba hii si ndo yoga mnaingiza kwa mlango wa nyuma? Mmoja alikuja mpaka ofisini, baba wa jumuiya, mtu wa heshima sana. Jibu ni refu kidogo. Ni kweli John Main mara ya kwanza alifundishwa kukaa hivi na mtawa wa Kihindu huko Malaya, hatuna sababu ya kuficha, lakini baadae aliikuta njia ile ile kwa Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya 4 na ya 5 aliyejifunza kwa wazee wa jangwani Misri, nae alikuwa anafundisha kurudia mstari mmoja wa zaburi muda wote. Roma nao mwaka 1989 walitoa barua kuhusu tafakari ya Kikristo, imesainiwa na Kardinali Ratzinger ambae baadae akawa Papa Benedikto XVI, inaonya vikali kuchanganya mambo, ila haikatazi kuchukua kinachofaa mradi sala ibaki ya Kikristo. Na Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 6 si amesema ingia chumba chako cha ndani ufunge mlango. Yule baba aliniuliza tu kama rozari itaendelea, nikamwambia mwezi wa 5 na wa 10 kama kawaida, akaondoka ametulia.

Maana hapo ndo wengine wanakosea, wanaleta kipya kana kwamba vya zamani havina maana. Malaika wa Bwana saa 6 ibaki, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresma ibaki, Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki, ndo usiguswe kabisa, ile kitu ilianzishwa na askofu wa Kifaransa 1843 kwa masharti ya Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi ili watoto wasaidie watoto wenzao, mpaka leo wangu wanashindana kujaza kopo la sadaka. Tafakari haishindani na hivyo vyote, inakaa katikati yake. Sisi tunaiweka kabla ya Malaika wa Bwana na nakwambia ile sala siku hizi haisomwi tena kama jedwali la kuzidisha.

Kuna watoto Waislamu pia, shule zetu nyingi wapo. Hao wasilazimishwe kitu, sheria ya Kanisa yenyewe inasema hakuna wa kushurutishwa kwenye imani. Kwetu mzazi anaulizwa mapema, wapo wanaoenda maktaba, wapo wanaokaa kimya na wenzao bila lile neno, hakuna anaetazamwa vibaya.

La mwisho ni walimu. Mwalimu akisimama mlangoni na simu anachat huku watoto wamefumba macho, ni afadhali asingeanza, wanamwona vizuri tu kwa lile jicho la kuchungulia. Akae nae, kwenye kiti, afumbe. Kwetu wapo waliokubali haraka na wapo wanaosema hawana muda. Darasa la 7 ndo hawajaanza mpaka leo, mwalimu wa taaluma anasema wana mitihani ya majaribio na hizo dakika ni za hesabu, nimemuomba anipe Jumatatu tu, bado hajanijibu.