Gari linalowaka kwenye mteremko tu

Swali: Papa fundi, jambo sana. Mimi ni mwalimu, nakaa Muhungu hapa Bukavu. Nina Corolla ya zamani ya petroli, ya gia za mkono. Tangu mvua zianze, asubuhi nikizungusha ufunguo inalia "tak" mara moja, basi. Taa zinawaka vizuri, honi inalia. Nikiiachia kwenye mteremko inawaka papo hapo, na kutwa inatembea bila shida. Nimeshanunua betri mpya, hali ni ileile. Fundi wa jirani anasema stata imekufa, nitafute nyingine Kadutu. Kila jioni inabidi nitafute mlima wa kupaki. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, jambo sana, na pole kwa kusukuma. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, usiinunue bado. Tusome kwanza ulichoandika, maana nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe.

Gari likiteremka linawaka papo hapo. Basi petroli inafika, plagi zinatoa cheche, injini ina nguvu yake. Atakayekuambia ubadilishe plagi au pampu, mshukuru umwache aende. Halafu kuna hiyo "tak" moja. Anayelia hapo ni solenoidi, kile kidude cha mviringo kilichopanda mgongoni mwa stata. Kama inavuta, swichi ya ufunguo ni nzima na umeme mdogo wa kutoa amri unafika. Unaokosekana ni ule mkubwa wa kuzungusha. Na kama sauti ingekuwa "tik-tik-tik-tik" ya haraka haraka, ningesema betri imechoka, tumalize. "Tak" moja ni habari nyingine: nyaya nene, arthi, au stata yenyewe. Fundi wako amerukia cha mwisho, labda kwa sababu ndicho kinachouzwa.

Kuhusu taa, hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Taa kubwa mbili zinakunywa karibu ampea 10. Stata ya injini ndogo ya petroli inataka ampea 100 hadi 200. Sasa chukua kiungo kimoja kilichooza, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Ampea 10 za taa zikipita hapo zinapoteza volti 0.2, jicho halioni kitu. Stata ikiomba ampea 150 kupitia kiungo hichohicho, volti 3 zinaishia njiani. Ni kama bomba lililoziba nusu: kikombe kinajaa, lakini ukiweka pipa utalala hapo.

Jioni moja elekeza gari ukutani, washa taa kubwa, kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukitazama. Taa zikififia hadi kuwa kama mshumaa, mara nyingi kosa liko kwenye betri au kwenye vibano vyake, ingawa stata iliyokwama nayo huzifanya hivyo. Zikibaki kama zilivyo na "tak" ikasikika, umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye stata. Kwa maelezo yako, nadhani utaona hilo la pili.

Mimi dau langu naliweka kwenye arthi, ule waya mweusi mnene unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Ncha yake ya chini hufungwa kwa boliti pale kwenye gia boksi au ubavuni mwa injini, palepale matope yanaporukia. Barabara zetu unazijua. Mashimo yanatikisa, boliti inalegea, mvua inaingia, kutu inaota kati ya chuma na chuma. Na wewe umesema shida ilianza na mvua.

Niliwahi kuletewa Carina iliyokwisha kula betri mbili na stata moja. Waya wa arthi kwa nje ulikuwa mweusi, laini, hauna kasoro. Nikaukunja karibu na kibano, ukalia kama mtu anakanyaga chumvi. Nikapasua plastiki kwa wembe: ndani shaba imekuwa unga wa kijani, nyuzi nzima zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Mwenye gari alicheka sana. Halafu akanyamaza, nikajua anapiga hesabu ya zile betri.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, azima nyaya za kuchajia, zile za mamba. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chukua waya mmoja tu: mdomo mmoja uume nguzo ya hasi ya betri, wa pili uume chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala mafuta, mbali na mkanda na feni. Zungusha ufunguo. Injini ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni waya mpya au kusafisha boliti.

Ukipata mtu mwenye multimita, kile kipima umeme chenye sindano mbili, ni vizuri zaidi, kwa sababu namba hazibembelezi. Asubuhi kabla ya kugusa gari, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Kwenye 12.4 inavumilika, kwenye 12.0 imekaribia kuisha. Betri mpya si lazima iwe imejaa, huenda ilikaa dukani miezi mingi. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka utegemee 13.8 hadi 14.5, na ukiona pungufu ya hapo kagua alteneta, ile mashine inayochaji betri, na mkanda unaoizungusha, maana safari fupi za Muhungu hadi Nyawera huku waipa na taa vinafanya kazi hazirudishi kilicholiwa asubuhi. Kisha gusisha sindano moja kwenye nguzo ya hasi yenyewe, si kibano, na nyingine kwenye injini, mwenzako azungushe ufunguo: ikizidi volti 0.3, arthi ni mbovu. Upande wa chanya, kutoka nguzoni hadi boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Ila ujue, vipimo hivi vya kwenye nyaya vinasema kweli pale tu stata inapovuta umeme. Ikitoa "tak" bila kuvuta chochote, utasoma sifuri na sifuri hiyo haimwachii mtu huru.

Usikubali mtu avue kibano cha betri injini ikiwa inanguruma, eti anapima alteneta. Nimeona wengi wakifanya hivyo. Volti zinaweza kuruka ghafla na kompyuta ya gari ikaungua, na hiyo kompyuta ni ghali kuliko stata.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi unapofungua chanya isirushe cheche. Mwagia maji ya moto yenye kijiko cha baikaboneti kwenye ule ukoga, yasiingie kwenye vifuniko vya betri. Kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Kama nyaya zote ni safi na "tak" haijaondoka, hapo nakubaliana na jirani yako kwamba kosa liko kwenye stata, lakini si lazima stata nzima. Kwenye stata nyingi za Toyota kuna vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi ambavyo huliwa taratibu. Dalili yake ni kwamba leo inakataa mara kumi, ya kumi na moja inashika. Fundi wa umeme anabadilisha vipande hivyo, anatazama na makaa, yaani vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya stata, anafunga. Na ukilazimika kununua iliyotumika, usitosheke na maneno ya muuzaji. Waiunge kwenye betri palepale chini, waikanyage imara kwa sababu inaruka, uone jino linachomoza na kuzunguka bila kukwaruza.

Wakati unasubiri, huo mteremko unanipa wasiwasi. Injini ikiwa imezima, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani wa pawa unakuwa mzito. Asubuhi barabara za Muhungu zina wanafunzi wako na mama wanaopanda na mizigo mgongoni. Kama huna budi, ufunguo uwe kwenye ON, gia ya pili, mtu asimame chini kuzuia njia, na mwendo usizidi wa mtu anayetembea.

Jumamosi paki mahali tambarare, ufanye kile kipimo cha waya mmoja, kisha uniandikie: imezunguka au haikuzunguka, na betri ilisoma ngapi asubuhi.