Maswali ya Wasomaji: Nimebaki na Shaka, Je, Imani Yangu Imekufa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka miaka kumi na mmoja. Kaka yangu alipougua tulifunga siku saba, tukakesha, tukadai uponyaji kwa Jina la Yesu. Akafa. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia imani yetu ilikuwa ndogo, akanisomea Yakobo 1:6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Tangu hapo nikipiga magoti sina neno. Najiuliza kama Mungu anasikia, tena najiuliza kama yupo. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana kwa msiba, mpendwa. Tuanze na huyo mzee, kwa sababu mzigo aliokutwika si wako.

Yakobo hapo anamzungumzia mtu anayemwomba Mungu hekima huku moyo wake umegawanyika. Mstari wa 8 unamwita "mtu wa nia mbili". Neno la Kigiriki alilotumia lina maana hiyo ya kugawanyika. Mathayo 28:17, ambapo wanafunzi walimsujudia Yesu mfufuka "lakini baadhi yao waliona shaka", lina neno jingine kabisa, la kusitasita. Katika Agano Jipya lote neno hilo linapatikana mahali pawili tu: hapo, na Mathayo 14:31, Petro alipokuwa anazama. Petro alishikwa mkono. Wale wanafunzi wa Mathayo 28 walipewa Utume Mkuu, yaani agizo la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, palepale, shaka zao zikiwamo.

Na hoja ya imani ndogo? Baba wa Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona. Paulo, ambaye wengi waliponywa kwa mikono yake, alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20). Ukiyaweka maandiko haya mawili pamoja, kile kipimo cha imani kubwa kupona na imani ndogo kufa hakisimami.

Sasa kazi yenyewe. Tenganisha maswali yako, maana umeyafunga kitita kimoja. "Mungu yupo?" ni swali la akili, linataka kusoma na kujadiliana na mtu aliyetulia. "Kwa nini hakumponya kaka yangu?" ni jeraha. Ukilitibu jeraha kwa hoja, kila hoja itaonekana ya uongo, hata iliyo kweli. Tunavyokusoma, la pili ndilo lililozaa la kwanza, kwa hiyo anza nalo.

Tumia Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Mistari 1 na 2 ni malalamiko: "hata lini" imerudiwa mara nne. Mistari 3 na 4 ni ombi. Mistari 5 na 6 ni tumaini. Chukua karatasi, andika "hata lini" zako nne, na jina la kaka yako liwemo. Kisha ombi moja dogo, la leo. Soma kwa sauti. Dakika kumi zatosha.

Wengi hukosea hapa: wanaruka malalamiko wafike upesi kwenye sifa, maana ndivyo tulivyozoezwa ibadani. Matokeo yake ni maombi ya mdomoni, na moyo unazidi kukauka. Usipoweza kufika mstari wa 5, usijilazimishe. Hamia Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la ushindi, nayo imo katika Biblia.

Tena, umelala vizuri lini? Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Mifungo iache kwanza. Na kama wazo la kufa limekujia nawe, usingoje maombi yaishe: mwambie mtu wa karibu leo, na umwone daktari.

SWALI: Naongoza kikundi cha maombi. Mmoja wetu amesema haamini tena. Tumjibuje?

JIBU: Yuda 22: "Wahurumieni wengine walio na shaka." Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa sawa. Waliharibu walipofumbua kinywa: Bildadi alifika hata kugusia kwamba watoto wa Ayubu walikufa kwa dhambi zao (8:4). Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema Ayubu, aliyekuwa akilalamika muda wote, ndiye aliyenena yaliyo sawa (42:7).

Basi mtembelee, mkiwa wawili, si kikundi kizima. Muulize jambo hili lilianza lini, halafu nyamaza. Habari zake zisigeuzwe hoja ya maombi mbele ya watu bila ruhusa yake. Na nafasi yake kikundini ibaki, hata akija akae tu.