Maswali yenu: Baada ya kidato cha nne, mlango gani uko wazi?

Mwalimu, mwanangu amepata ziro kidato cha nne. Baba yake anasema basi, akauze maji stendi. Kuna chuo kitakachompokea? – Mama, Kisarawe

Kipo, tena hapo hapo kwenu. Kisarawe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo. Vilianza miaka ya 1970, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na mfano wa Sweden, na havikujengwa kwa ajili ya waliofaulu tu. Hata aliyeishia darasa la saba husomea ushonaji, uashi au umeme wa majumbani. Mpeleke baba mtu akaone karakana. Maneno yatapungua.

Kikundi chetu cha VICOBA kinataka kusomesha vijana wawili wa mtaa kila mwaka. Tuanzie wapi? – Katibu, Muheza

Hongereni. Sisi watu wa kuchangishana mamilioni ya harusi, ukitaja ada kila mtu anakumbuka ana msiba.

Anzeni na vigezo, viandikwe kwenye muhtasari kabla hamjataja jina la mtoto yeyote. Nimeshuhudia kikundi kikivunjika kwa sababu wa kwanza kusomeshwa alikuwa mtoto wa mwenyekiti. Kisha fedha isipite mkononi mwa kijana wala mzazi: alete fomu ya kujiunga na kontroo namba ya chuo, mweka hazina alipe, risiti ikae kwenye faili.

Ada yenyewe si kila kitu. Namfahamu kijana aliyerudi nyumbani ada yake ikiwa imelipwa yote, hana buti wala overoli ya karakana. Hapo ndipo asiye na hela naye ana la kutoa: mwenye gereji ampokee kwa mafunzo ya vitendo, mwenye nyumba karibu na chuo atoe chumba. Na mtaa ukihitaji madawati, ulizeni kwanza karakana ya chuo.

Nina miaka kumi gereji, sina cheti. Nirudi darasani? – Fundi, Mbagala

Si lazima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa, pengo likionekana unafundishwa, ukifaulu unapewa cheti. Nenda na picha za kazi zako.

Niliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Mtoto nitamwacha na nani? – Msomaji, Morogoro

Nenda naye. Katika vyuo vya maendeleo ya wananchi kuna programu ya Elimu Haina Mwisho, kwa wasichana kama wewe: sekondari pamoja na ufundi. Vyuo kadhaa vina kituo cha kulelea watoto, mama akiwa darasani. Bigwa hapo mjini kwenu kuna chuo. Kaulize mwenyewe, usitume mtu.

Bodi ya Mikopo inakopesha wa diploma? – Kijana, Tabora

Ndiyo, tangu mwaka wa masomo 2023/24, ila kwa fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka huu kabla hujamlipa kijana wa steshenari akujazie fomu.