Kabla mwanao hajavishwa maski, niulize dawa iliyomo

Natoa dawa za usingizi huku Lindi. Wazazi huniuliza swali moja: atazinduka? Natamani waulize na la pili: atalala kwa dawa gani?

Mtoto mdogo hatulii atafutwe mshipa, hivyo mara nyingi tunaanza na hewa ya maski. Hapo harufu ndiyo inayoamua. Isoflureni, mojawapo ya dawa za usingizi za kuvutwa, inafaa kuendeleza usingizi, lakini ni kali puani; ukimwanzishia mtoto atakohoa, atabana pumzi, hata koo litajifunga. Zisizokera ni mbili: halotheni, iliyoanza kutumika mwaka 1956 na ndiyo niliyojifunzia kazi, na sevoflureni.

Halotheni inaweza kuupunguza na kuuvuruga mwendo wa moyo wa mtoto. Nikiwa mgeni kazini, katika hospitali moja, tulimlaza mvulana wa miaka mitatu mwenye ngiri. Kidole changu kilikuwa kwenye mshipa wa mkono wake. Mapigo yakaanza kuachana. Moja. Kimya. Jingine. Tukapunguza dawa, tukaongeza oksijeni, tukampa atropini, dawa ya kuharakisha moyo, yakarudi. Tangu siku ile, penye sevoflureni naichukua hiyo, bei yake kubwa na iwe: mtoto hulala upesi, huamka upesi, na moyo hauyumbi kiasi kile.

Ila jiandae kwa kuamka kwake. Watoto wa miaka 2 hadi 5 hasa, wengine huzinduka wakipiga mateke, hata mama hawamjui. Binti mmoja alimsukuma mama yake, mama akanigeukia machozi yakimlenga: "Sista, mbona mwanangu hanijui?" Tulipohakikisha si maumivu, nikamwambia amshike, amwimbie taratibu. Robo saa baadaye mtoto akaomba maji.

Na tumbo liwe tupu, dawa iwe ipi. Mama mmoja alitoka Nachingwea usiku kucha. "Amekula?" "Hajala, sista. Uji tu." Jamani, uji ni chakula! Tuliahirisha, na iliniuma, lakini kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Chakula kiachwe masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2.

Mafua na kikohozi pia usinifiche. Na kama kwenu kuna ndugu aliyepandwa na joto kali ghafla akiwa kwenye usingizi wa upasuaji, au aliyefia mezani, nitajie kabla sijawasha mashine, kwa sababu hatari hiyo hurithiwa na dawa zote tatu huiamsha.